Kutoka Wodini Hadi Barabarani



Wiki hii tumepokea barua ya mama mmoja wa Mombasa. Bintiye ni muuguzi mjini Nakuru, na sasa ataka kuiacha wodi ili awe mhudumu wa dharura katika gari la wagonjwa. Mama ana mambo mawili yamkeretayo: mali iliyotumika kumsomesha uuguzi, na stara ya binti atakayekuwa njiani usiku pamoja na wanaume. Atuuliza: je, amzuie?

Kwanza tuutazame mji wenyewe. Nakuru imekaa juu ya barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Uganda, na malori ya mafuta hupita usiku na mchana. Pale Sachangwan, karibu na Molo, tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota petroli, moto ukalipuka na kuua zaidi ya watu 100. Usiku wa 9 Mei 2018 bwawa la Solai lilipasuka, na maji yakachukua roho zaidi ya 40. Katika misiba kama hii, wako wanaookolewa au kupotea kabla ya kuuona mlango wa hospitali. Si ajabu muuguzi apokeaye majeruhi waliochelewa kutamani kuwafuata huko waliko.

Lakini binti asidhani kuwa ni kazi ile ile. Wodini kuna taa, kuna daktari wa kuitwa, na faili la mgonjwa liko mezani. Barabarani yuko yeye, mwenzake na kurunzi. Ajua kutia sindano ya mshipa, kuzuia damu na kuzalisha. Hayo ni mtaji wake. Atalazimika kujifunza kumtoa mtu katika gari lililobonyea bila kumvunja shingo, kuamua nani atangulie kuhudumiwa kati ya majeruhi kumi, na kwanza kabisa kuhakikisha pale anaposimama ni salama. Sachangwan yatufundisha hilo. Cheti cha uuguzi hakitoshi; arudi darasani.

Kuhusu mali, tunasema haikupotea. Elimu haivuliwi kama nguo. Ila leseni yake ya uuguzi aihuishe kila inapotakiwa, ili akitaka kurudi asikute mlango umefungwa.

Kuhusu stara, tumkumbuke Bibi Rufaida, aliyekuwa na hema la kutibu majeruhi msikitini Madina, ambamo Saad bin Muadh aliuguzwa baada ya vita vya Khandaq. Tumkumbuke pia Bibi Rubayyi bint Muawwidh, aliyesimulia jinsi wanawake walivyokwenda vitani, wakanywesha maji na kuwarudisha majeruhi Madina. Mmoja alitibu hemani, mwenzake aliwafuata majeruhi walikoangukia. Na tujiulize sisi wenyewe: mama anayeshikwa na uchungu usiku wa manane huko Subukia, akajifungulia njiani, angependa mikono ya nani? Tukiwazuia mabinti zetu wote, stara ya mama huyo tumemwachia nani?

Hata hivyo, hofu ya mama si ya kupuuzwa. Kabla ya kuacha kazi, binti aulize kwa maandishi: mshahara ni kiasi gani, bima ya ajali ipo, zamu ni za saa ngapi, na nani atamfikisha nyumbani usiku? Ajaribu kwanza siku zake za mapumziko, akiruhusiwa kufuatana na gari. Wako wanaoipenda kazi hii wakiwa mbali, wakaishindwa walipoona maiti ya kwanza ya mtoto.

Mama, usimzuie, muulize maswali hayo. Akikujibu yote, mpe radhi zako, kwani usiku ule wa kwanza atazihitaji kuliko kurunzi.

Wabillahi tawfiq.