Utajiri wa jangwani usipoorodheshwa utawaponyoka wenyeji

KWA wengi, jangwa ni ardhi iliyolaaniwa. Hata hivyo, chini ya nyayo za mfugaji anayeswaga ngamia wake mna umati wa viumbe wasioonekana kwa macho, na huenda baadhi yao wakawa chimbuko la dawa za kesho.

Viumbe hao ni sianobakteria, bakteria wa rangi ya kijani-samawati wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama ifanyavyo mimea.

Wa jangwani ni wa aina nyingi. Microcoleus huushika mchanga kwa nyuzi zake na kufanya gamba jembamba linalozuia udongo kupeperushwa. Katika jangwa la Atacama nchini Chile, wengine huishi ndani ya mawe ya chumvi, wakitegemea unyevu ambao chumvi hiyo hufyonza hewani.

Dhiki hiyo ndiyo inayowapa thamani. Kiumbe asiyeweza kulikimbia jua hulazimika kujitengenezea kinga. Sitonemini, rangi ya hudhurungi inayowakinga dhidi ya miale mikali, imeonyesha katika maabara uwezo wa kuzuia seli kugawanyika ovyo.

Matumaini hayo si ndoto. Brentuximab vedotin, dawa ya saratani ya limfu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011, iliundwa kwa kuiga sumu iliyopatikana kwanza katika konokono wa baharini, kisha mwaka 2001 ikapatikana katika sianobakteria wa bahari.

Lakini sumu pia huua. Mwaka 2009, watafiti waliripoti kupata sumu ya neva iitwayo BMAA katika gamba la jangwa la Qatar. Kutenganisha dawa na sumu ni kazi ya maabara na miaka mingi ya majaribio.

Kenya, ambayo zaidi ya asilimia 80 ya ardhi yake ni kame au nusu kame, ina kila sababu ya kulifuatilia suala hili. Funzo liko Ziwa Bogoria.

Mwaka 2004, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilidai kuwa vijiumbe vilichukuliwa ziwani humo bila idhini, na kwamba vimeng'enya vilivyotokana navyo viliuzwa ng'ambo kwa ajili ya kufifisha rangi ya jinzi. Kampuni iliyolaumiwa ilikanusha. Mwaka 2007, KWS ilitia saini mkataba wa kugawana manufaa na kampuni nyingine, Novozymes ya Denmark.

Tangu hapo sheria zimeimarika. Kanuni za kitaifa za mwaka 2006 humtaka mtafiti awe na kibali, na mwaka 2014 Kenya iliidhinisha Itifaki ya Nagoya kuhusu ugavi wa manufaa.

Hata hivyo, sheria haiwezi kulinda kisichojulikana. Anayedai haki yake hutakiwa kuonyesha kilichochukuliwa, mahali kilipotoka na siku kilipoondoka. Bila sampuli zilizohifadhiwa nyumbani na wataalamu wa kuzitambua, kibali hubaki karatasi tu, naye mfugaji wa Marsabit au Turkana hatapata chochote.

Isitoshe, gamba hilo likivurugwa na magurudumu au kwato huchukua miaka mingi kurejea.

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la jangwa lafaa kufunguliwa sasa, kabla wageni hawajaliandika kwa majina yao.