Msimchinje bata bukini kiwete, mpeni wenzake

Huku kwetu Tengeru, bata bukini akianza kuchechemea hukumu yake hutolewa siku hiyohiyo. Ni ndege mkubwa, nyama yake inatosha nyumba nzima na jirani akaonjeshwa, kwa hiyo kisu hunolewa mapema. Sina ugomvi na anayefuga kwa ajili ya kitoweo. Mimi mwenyewe nakula nyama. Ninaosema nao leo ni wenzangu tunaofuga bata bukini wawili watatu nyuma ya nyumba kwa ajili ya ulinzi, mayai na kupunguza majani, na ambao mara nyingi hubakiwa na bata mmoja baada ya mwenzake kuuawa na mbwa au kubebwa na wezi. Yule aliyebaki anahitaji mwenziwe, na mwenziwe huyo anaweza kabisa kuwa kiwete.

Bata bukini hakuumbwa akae peke yake. Dume na jike wakishapatana hukaa pamoja miaka na miaka. Konrad Lorenz, yule mtaalamu wa Austria aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, aliishi na kundi la bukini na kueleza jinsi aliyefiwa anavyonyong'onyea: macho yanadidimia, shingo inalegea, hata wale aliowashinda jana leo wanamfukuza. Mwanasayansi aliandika, lakini hata bila kitabu ningeyaona hayo uani kwangu. Mbwa wa mitaani walipomuua dume wangu, jike wake, ambaye wajukuu wanamwita Siti, aliacha kula pumba. Aliwafuata bata wa kawaida, wakamkimbia kwa ukubwa wake. Kuku nao hawakuwa na la kumwambia. Kisha akagundua mlango wa gari la kijana wangu. Gari likishaoshwa, Siti husimama mbele ya ule mlango unaong'aa, anashusha shingo na kuzungumza na sura yake kwa ile sauti ya chini, ya kooni, ambayo bukini huitumia na wa kwao tu. Gari likiondoka analifuata hadi getini akipiga kelele. Kuliangalia hilo kila asubuhi kunachoma moyo.

Uswisi, katika kanuni zake za ustawi wa wanyama za mwaka 2008, inataka wanyama wa jamii wasifugwe mbali na wa aina yao. Sisi tuna Sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama, nayo ni ya mwaka 2008, lakini sijawahi kumsikia mtu akiikumbuka panapotajwa bata. Tukimwona ameshiba tunadhani hana shida.

Mwenziwe Siti nilimpata Jumamosi, siku ya gulio letu. Alikuwa kwenye tenga pamoja na kuku, dume kijana, mweupe, mguu wa kulia umepinda kwenye kifundo. Bawa la kushoto lilikuwa limegeuka kwenye kiungo cha mwisho, manyoya marefu yametokeza nje ubavuni badala ya kulala mgongoni. Muuzaji akaniambia kwa uungwana, "Mama, huyu sikufichi, ni wa supu." Nikamwomba amtoe kwenye tenga amsimamishe chini. Yule ndege akajipanga, akainua shingo, akaenda akichechemea hadi penye majani pembeni ya njia, akaanza kung'oa nyasi. Hapo ndipo nilipotoa pesa.

Kwa nini vifaranga wa bukini wanaharibika hivi? Mara nyingi si laana wala si urithi, ni chakula. Kinda la bukini linahitaji vitamini B3 kwa wingi kuliko kifaranga wa kuku. Ukimlisha chakula cha kuku peke yake, ndani ya wiki chache miguu inaanza kupinda na kifundo kuvimba. Bawa nalo hugeuka mara nyingi pale kinda anapokuzwa haraka mno kwa chakula kizito: mwili na manyoya vinatangulia, mfupa na misuli ya bawa inashindwa kuvibeba. Likigundulika mapema, bawa linaweza kufungwa kwa bandeji laini kwa siku chache likarudi mahali pake. Akishakomaa limekwisha. Hata hivyo bukini wa kufugwa ni mzito, urukaji wake ni wa kujivuta tu, kwa hiyo bawa lililogeuka halimnyimi mambo mengi. Anayefuga vifaranga awape nyasi teke zilizokatwakatwa, pumba za ngano na dagaa kidogo, na aulize duka la dawa za mifugo vitamini B ya kuweka kwenye maji. Gharama yake haifiki hata nusu ya hasara ya kuuza ndege mzuri kwa bei ya supu.

Sasa nisieleweke kwamba kila bata mlemavu aokolewe. Kipimo changu ni kile nilichokifanya sokoni: asimame mwenyewe, afike penye nyasi na maji mwenyewe, na aweze kujichambua manyoya. Ndege asiyeweza kusimama hulalia kifua hadi kinatoka vidonda, kinyesi kinamgandia, funza wanaingia. Huyo kumweka hai ni kumtesa, na mwenye huruma atamwita mtu mwenye mkono mwepesi amalize. Wa jicho moja, wa bawa lililogeuka, wa mguu uliopinda lakini unaokanyaga, hao wana maisha mbele yao.

Ukishamleta nyumbani, usimwachie kundini siku hiyo hata kama moyo unakusukuma. Bukini anaweza kubeba kideri bila yeye kuonyesha dalili, na kuku wako wakateketea. Mtenge kama mwezi mmoja, vyombo vyake vya maji na chakula mbali, na wewe ukanawe mikono na kubadili viatu. Hakikisha pia kuku wamepata chanjo yao ya matone ya jicho kila baada ya miezi mitatu. Baada ya hapo waonane kupitia wavu. Siti alipomwona mgeni alikaa upande wake wa wavu kutwa nzima, na jioni hakutaka kuingia bandani. Gari la kijana wangu tangu hapo linatoka na kuingia bila kusindikizwa.

Jambo linalotaka akili zaidi ni maji. Bukini lazima azamishe kichwa chote ili asafishe macho na pua, lakini kiwete hawezi kupanda ukingo wa beseni. Nilifukia beseni ardhini hadi ukingo ukalingana na udongo, nikaweka ndani jiwe pana la kukwaruza ili asiteleze anapotoka. Bandani natandika maranda mengi, nayabadilisha yakilowa, kwa sababu mguu mzima ndio unaobeba mzigo wa miguu miwili, na unyayo ukipata kidonda kwenye sakafu ngumu basi hana pa kusimamia. Chakula naweka mahali pawili ili wenye nguvu wasimfungie njia.

Na mtu asitegemee vifaranga. Dume wa mguu uliopinda anashindwa kumpanda jike vizuri, mayai mengi hayatakuwa na mbegu. Ukiwa na dume mzima na unatafuta jike, afadhali usichukue jike kiwete kama huna bwawa la kuogelea, maana uzito wa dume nchi kavu unaweza kummaliza miguu.

Najua litakaloulizwa: watoto wa watu wanakosa daftari, wewe unahangaika na bata? Nilifundisha shule ya msingi hadi nikastaafu; mahitaji ya watoto nayajua. Lakini bukini anakula nyasi, na nyasi za miteremko ya Meru hatuzinunui. Kinachoongezeka ni pumba kidogo jioni. Kule Hastings, Nebraska, mwishoni mwa miaka ya 1980, Gene Fleming alimvalisha viatu vya mtoto vya Nike bukini Andy aliyezaliwa bila nyayo, na Andy akajifunza kutembea navyo. Mimi siombi viatu. Naomba jiwe ndani ya beseni na gunia la maranda.

Tena huyu wangu, Kombo kwa jina alilopewa na wajukuu, analipa. Hawezi kumkimbiza mtu, lakini mlinzi wa aina hii kazi yake kubwa ni sauti. Usiku mtu akigusa uzio, Kombo ndiye wa kwanza kupaza, Siti anaitikia, na nyumba nzima imeamka. Mguu hauhusiki hapo.

Ndugu zangu wauzaji, kinda la bukini msiliuze moja moja. Mwenye kutaka achukue wawili au aonyeshe kwamba ana wengine nyumbani. Na mkiwa na mlemavu anayetembea, ulizeni wateja kama kuna aliyebakiwa na mmoja kabla hamjamtaja supu. Anayemchukua naye ajue anachukua mzigo wa muda mrefu, kwani bukini akitunzwa hufika miaka 20 na kuipita. Kwa umri wangu hilo nililizingatia. Mjukuu wangu wa kike, aliye kidato cha pili, ndiye anayebadilisha maranda sasa, na tumekubaliana mbele ya mama yake kwamba Siti na Kombo watakuwa wake, wote wawili, bila kutenganishwa.