Kompyuta Imezimika Ghafla? Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Leo naweka programu kando nizungumzie vyuma. Chukua kompyuta uliyoiunda kwa mikono yako mwenyewe, kipuri kwa kipuri. Jumatatu inachapa kazi bila wasiwasi. Jumanne unabonyeza swichi, kimya. Hakuna feni, hakuna taa, hakuna mlio. Utafanyaje?

Wengi wetu tunajua kinachofuata. Mashine inapakiwa kwenye matatu hadi kwa fundi. Fundi anaitazama dakika mbili, anatikisa kichwa, kisha anatoa hukumu: "Madabodi imeungua." Madabodi, kwa wasiojua, ni ule ubao mkubwa ambao vipuri vingine vyote huchomekwa juu yake. Unauliza bei, unashika kiuno, unatuma pesa kwa M-Pesa. Na mara nyingine, ukishafunga hiyo madabodi mpya, mashine bado ni kimya vilevile.

Maoni yangu ni haya, na najua kuna watakaonuna: hukumu inayotolewa bila kipimo ni ramli. Na ramli hiyo haimgharimu mpiga ramli hata senti, inakugharimu wewe.

Jambo hili linamuuma zaidi mtu aliyejiundia mashine. Aliyenunua kompyuta nzima dukani ana waranti moja na duka moja la kulalamikia. Wewe una risiti sita kutoka maduka sita ya Luthuli Avenue. Aliyekuuzia RAM atasema ni madabodi. Aliyekuuzia madabodi atasema ni umeme wa kwako nyumbani. Bila ushahidi mkononi utazungushwa mpaka viatu viishe soli.

Sisi waandishi wa programu tuna desturi moja ambayo ningependa mafundi waiazime. Kosa likijitokeza katika mistari elfu kumi, hatufuti yote na kuanza upya. Tunaigawa kazi nusu, tunauliza kosa liko upande gani, kisha tunaigawa tena nusu hiyo. Tunabadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, la sivyo hatutajua ni kipi kilichoponya. Kompyuta iliyokufa haina tofauti, ila hapa mstari wa programu ni waya.

Tazama jinsi mashine inavyoamka. Tangu Intel ilipotoa mpangilio wa ATX mwaka 1995, kompyuta za mezani zimekuwa zikiamka kwa hatua zilezile. Hata ukiwa umeizima, ilimradi imechomekwa ukutani, pawa saplai inaendelea kutoa volti 5 ndogo za kukesha kupitia waya wa zambarau. Ukibonyeza swichi ya mbele, madabodi inauunganisha waya wa kijani na ule mweusi. Hapo pawa saplai inaamka yenyewe na kutoa volti 12, 5 na 3.3. Ikiridhika kwamba zote zimetulia, inatuma ishara kwa waya wa kijivu kwamba mambo ni sawa, na hilo huchukua sehemu ya sekunde tu. Ishara ikifika ndipo prosesa inaanza kazi, inatafuta RAM, inatafuta kadi ya picha, inatafuta diski.

Umeona? Ni mnyororo. "Haiwaki" si ugonjwa mmoja. Swali la maana ni hili: mnyororo umekatikia wapi? Dalili zenyewe zinaanza kukujibu kabla hujatoa hata shilingi.

Kwanza, kimya kabisa. Anza ukutani. Chomeka taa au chaja ya simu kwenye soketi ileile. Angalia ile swichi ndogo nyuma ya pawa saplai. Kisha chukua mita ya kupimia umeme, ya kawaida tu kama walizo nazo mafundi wa redio, upime waya wa zambarau: unatakiwa kusoma kati ya volti 4.75 na 5.25. Ukikosa hapo, acha kuilaumu madabodi, haijapata hata cha kuiamsha. Ukizipata volti zako 5, ishuku swichi ya mbele. Chomoa kijiwaya chake, kisha gusanisha zile pini mbili kwa ncha ya bisibisi mara moja tu. Mashine ikiwaka, ugonjwa wako ni wa kitufe!

Bado? Chomoa pawa saplai kutoka kwenye mashine yote. Ikiwa peke yake, unganisha waya wa kijani na mweusi kwa klipu ya karatasi, kisha uiwashe. Pima: manjano kati ya 11.4 na 12.6, nyekundu kati ya 4.75 na 5.25, rangi ya chungwa kati ya 3.14 na 3.46. Pawa saplai nyingi za siku hizi zina nyaya nyeusi tupu, basi tumia namba za matundu ya plagi ile kubwa ya pini 24: kijani ni 16, zambarau ni 9, kijivu ni 8. Na baadhi hazizungushi feni bila mzigo, kwa hiyo amini mita, usiamini feni.

Tahadhari mbili hapa. Pawa saplai ikifeli kipimo hiki, imehukumiwa. Ikifaulu, haijaachiliwa huru, maana kuna zinazosimama vizuri bila mzigo na kuanguka zikipewa kazi. Ya pili ni kubwa zaidi: usifungue kasha la pawa saplai, hata iwe imechomolewa. Ndani yake kuna kapasita zinazoweza kubaki na zaidi ya volti 300. Huo si umeme wa kufanyia majaribio.

Pili, feni zinazunguka nusu sekunde kisha zinasimama. Mara nyingi hii ni pawa saplai inayojilinda kwa sababu umeme unavuja mahali, ama yenyewe imechoka. Toa madabodi ndani ya kasha uiweke juu ya kartoni. Iache na prosesa, feni yake, na kipande kimoja cha RAM tu. Ikiwaka juu ya kartoni, kosa liko kwenye kasha au kwenye ulichokitoa, na mara nyingine ni skrubu moja iliyodondoka nyuma ya ubao.

Tatu, feni zinazunguka lakini skrini ni nyeusi. Sasa umeme unafika, kwa hiyo tafuta mbele zaidi kwenye mnyororo. Hakikisha ile plagi ya pini 4 au 8 karibu na prosesa imekaa. Jaribu RAM kipande kimoja kimoja, nafasi moja moja. Chomoa mashine ukutani, toa ile betri ya duara kwenye madabodi kwa dakika chache ili mipangilio irudi ya kiwandani. Kama prosesa yako ina uwezo wa picha ndani yake, toa kadi ya picha na utumie tundu la madabodi. Madabodi nyingi za kisasa zina vitaa vidogo vinavyoonyesha zimekwama wapi, na za zamani hulia milio ambayo kitabu chake kinaieleza. Kisome hicho kitabu jamani, hakikuwekwa kwenye boksi kuzuia vumbi.

Nikupe mfano. Rafiki yangu mmoja wa Thika anahariri video za harusi, na mashine yake aliiunda mwenyewe. Stima ilipotea jioni moja, ikarudi, mashine ikagoma. Fundi wa kwanza alimwambia anunue madabodi na prosesa, jumla shilingi 38,000. Bwana harusi alikuwa anasubiri video, na amana alikuwa ameshalipa. Tulipima waya wa zambarau: volti 3.1 badala ya 5. Basi, hapo ndipo palipokatika. Tuliazima pawa saplai ya jirani, mashine ikaamka, RAM ni salama, prosesa ni salama, na video za watu zote zipo. Pawa saplai mpya ilimgharimu shilingi 7,500. Kipimo chenyewe kilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.

Na akipata ile mpya nilimsihi jambo moja ambalo nawasihi nanyi: ukibadilisha pawa saplai ya nyaya za kuchomoka, badilisha na nyaya zake zote. Plagi za upande wa madabodi zinafuata mpangilio mmoja, lakini za upande wa pawa saplai kila mtengenezaji anapanga anavyotaka. Waya wa zamani unaweza kuingia vizuri kabisa kwenye mpya na kupeleka volti 12 mahali pa volti 5. Hapo unaziaga diski zako.

Simaanishi kwamba madabodi hazifi. Zinakufa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kapasita mbovu ziliua madabodi nyingi duniani, na mwaka 2005 Dell ilitenga dola milioni 300 kwa sababu ya tatizo hilo. Lakini hata hapo ushahidi ulionekana kwa macho: vikopo vidogo vimevimba kichwani au vinavuja. Ninachodai ni kwamba hukumu ije baada ya ushahidi.

Wala msidhani ramli ni ya mafundi wa mtaani peke yao. Watumiaji wa prosesa za Intel za kizazi cha 13 na cha 14 walisumbuliwa na michezo inayojizima, ikitoa ujumbe kwamba kumbukumbu ya kadi ya picha imekwisha. Ukiusoma ujumbe huo, nani utamshuku? Kadi ya picha. Kumbe kosa lilikuwa kwenye prosesa. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa hizo zilikuwa zinapewa volti nyingi kupita kiasi, ikatoa marekebisho kupitia BIOS na kuongeza waranti kwa miaka miwili. Aliyekuwa ameshanunua kadi mpya kwa sababu ya ujumbe ule alinunua dawa ya macho kwa jino linalouma.

Tukumbuke yaliyotokea hospitalini kwetu. Kwa miaka mingi homa yoyote ilikuwa malaria, unapewa dawa unakwenda nyumbani. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kutibiwa, ikiwezekana. Hakuna anayesema leo kwamba kile kitone cha damu ni kupoteza wakati. Mbona kwenye kompyuta bado tunatibu kwa kukisia?

Nadhani najua sababu, na hapa nawatetea mafundi. Hatuwalipi kwa kupima. Mteja wa Kenya atatoa elfu kumi kwa kipuri anachokiona kwa macho, lakini mwambie "uchunguzi ni shilingi mia tano" aseme unamwibia. Basi fundi afanyeje? Anakula kutokana na vipuri, kwa hiyo anauza vipuri. Tukitaka wapimaji, tuwalipe wapimaji. Mwulize fundi wako maswali mawili: "Umepima nini, na umesoma ngapi?" Akiwa na jibu, mlipe hata kama hakubadilisha kitu. Akikosa jibu, beba mashine yako.

Wengine watasema kupima kunataka vipuri vya akiba, na mtu wa kawaida hana. Ni kweli kwa kiasi. Lakini soketi, swichi, waya wa zambarau, kartoni na RAM ya kipande kimoja kimoja havitaki kipuri hata kimoja. Vilivyobaki, azima. Kila mtaa una mtu mmoja mwenye mashine ya mezani. Na kubadilisha kwa kuazima si ramli, ni kipimo halali, ilimradi ubadilishe kimoja tu, uandike ulichokiona, na kisipoponya ukirudishe cha zamani kabla ya kujaribu kingine. Jirani wako pia apimiwe pawa saplai yako kabla hujachomeka madabodi yake kwayo. Usiue ng'ombe wawili kwa kumtibu mmoja.

Kompyuta ya kujiundia ni mtaji. Kuna anayelipia karo kwa hiyo mashine, kuna anayelipia kodi ya nyumba. Siku itakaponyamaza, kitu cha kwanza kutoka mfukoni kiwe mita, pochi ifuate nyuma.

Haya, hayo ndiyo yangu kwa leo. Kila la heri, na stima isipotee!