Taa za Trela: Balbu Inasingiziwa

Mtu akiunda trela yake ya kulala, akakata plaiwudi, akapachika godoro na jiko la gesi, taa huwa ndizo za mwisho kukumbukwa. Nyaya zinafungwa jioni moja, taa zinawaka, kila mtu anafurahi. Baadaye, trela ikishapigwa na vumbi na mvua, unawasha indiketa ya kushoto na taa ndogo nazo zinapepesa. Hapo kila anayepita gereji ana jibu: balbu imechoka, badilisha. Ikishindikana kuna jibu la pili: waya umekatika, piga rewaya upya.

Majibu yote mawili nayapinga. Balbu hufa, sikatai. Barabara ya makorogesheni hukata nyuzi zake haraka, na kuichomoa uitazame ni kazi ya dakika moja, kwa hiyo anza nayo. Lakini balbu iliyokufa kwa kawaida hunyamaza tu. Haiwashi taa ya jirani yake, wala haizifanyi nyingine zififie ukikanyaga breki. Taa mbili zikianza vituko kwa wakati mmoja, tafuta kile zinachochangia, nacho ni ethi.

Umeme unaokwenda kwenye taa lazima urudi kwenye betri. Njia hiyo ya kurudia, yaani ethi, ikizibwa na kutu, unatafuta upenyo mwingine, na upenyo wa karibu ni uzi wa balbu nyingine. Umeme wa indiketa unapita kinyumenyume kwenye taa ndogo, unafuata waya wake hadi kwenye gari, na huko unapata ethi kupitia taa ndogo za gari lenyewe. Ndiyo maana zote zinapepesa, tena kwa mwanga hafifu. Hakuna balbu mpya itakayotibu hilo.

Hesabu inaonyesha vizuri zaidi. Balbu ya breki ya wati 21 kwenye volti 12 huvuta ampea 1.75 hivi. Boliti ya ethi yenye kutu, ikiweka ukinzani wa omu 2 tu, inameza karibu volti 3. Kanyaga breki, umeme wa balbu mbili upite kwenye boliti hiyohiyo, na zaidi ya volti 4 zinapotea njiani. Taa ndogo za wati 5 hazisikii sana. Basi fundi anaziona zinawaka, anaapa kwamba ethi ni nzima, na mteja anakwenda dukani kununua balbu za breki.

Mita nayo hudanganya ikitumiwa vibaya. Balbu inachomolewa, mita inachomekwa kwenye soketi, inasoma 12, na hukumu inatolewa kwamba nyaya zote ni nzima. Mita haivuti mzigo wowote wa maana. Unywele mmoja wa shaba uliobaki kwenye waya unatosha kuipa hizo 12. Pima taa ikiwa imewashwa: ncha moja kwenye ethi ya taa, nyingine kwenye hasi ya betri. Ikizidi nusu volti, mwizi umemkamata. Asiye na mita avute waya mrefu kutoka hasi ya betri hadi kwenye ethi ya taa. Mwanga ukirudi, kesi imekwisha.

Wengine hujitetea kwamba chesi nzima ni chuma, ethi itakosekanaje? Chesi ya kuchomelea gereji imepakwa rangi, na rangi haipitishi umeme. Taa zenyewe mara nyingi zimeskurubiwa kwenye plaiwudi, ambayo nayo haipitishi. Na wapo wanaotegemea kile kichwa cha duara trela inapofungwa kwenye gari, chenye grisi na kinachochezacheza kila gurudumu likiingia shimoni. Ukiwapigia hao rewaya upya ukaurudisha waya wa ethi kwenye boliti ileile, umeuza nyaya tu.

Kuhamia taa za LED si dawa kamili. Zinavuta umeme kidogo mno, kwa hiyo zinaficha ethi mbovu badala ya kuiponya, na indiketa ya gari inaweza kuanza kupepesa mbio kwa kudhani balbu imekufa.

Fyuzi inayokatika ni kesi nyingine kabisa: hiyo ni shoti, waya uliochunika unagusa chuma. Anayeweka fyuzi kubwa zaidi ili ivumilie anakwenda kulala juu ya godoro lililo karibu na nyaya zinazopata moto.

Kinachofaa ni waya wa ethi wa shaba, mnene kuliko nyaya nyingine, utoke kwenye plagi moja kwa moja hadi kila taa bila kutegemea chesi. Kwenye plagi za pini 7 za Ulaya na zile za pini 4 za Marekani, rangi yake ni nyeupe. Chesi nayo iungwe kwenye waya huo mahali pamoja, rangi ikwanguliwe hadi chuma king'ae, boliti ikazwe, kisha ipakwe grisi juu.