Tamasha la Sinema kwa Watu wa Mpakani



Tamasha la filamu la Zanzibar, lililoanza mwaka 1998, halikuridhika kukaa Ngome Kongwe peke yake, bali lilichukua skrini na mitambo yake hadi mashamba ya Unguja na Pemba. Na Bibi Mira Nair, mwongozaji wa filamu, alipoasisi Maisha, taasisi ya mafunzo ya filamu, mjini Kampala mwaka 2004, alidhihirisha kwamba vijana wetu, wakipata walimu hodari, huimudu fani hii barabara. Basi ni kipi kiwazuiacho wakuu wa kaunti ya Busia ya Kenya na wenzao wa wilaya za Busia ya Uganda na Tororo wasishirikiane kutuandalia tamasha, pamoja na darsa za kutunga hadithi, kupiga picha na kuhariri? Wateso na Wasamia wako pande zote mbili za mpaka, na masimulizi yao hayalipi ushuru wa forodha. Vibanda vya video, ambamo mfasiri hupaaza sauti juu ya filamu za kigeni (kazi yenye ustadi wake, sikatai), vyatosha kuwa kumbi za kuanzia, ilimradi kiingilio kiwe nafuu.

Wako mtiifu,
Msomaji, Busia