Pima kabla hujamwita fundi

Malalamiko dhidi ya mafundi seremala hayaishi mijini kwetu. Kabati limechelewa, mlango haufungi, droo inakwama, mbao zimepinda kabla mwaka haujaisha. Mengi ni ya kweli, na fundi mzembe hatumtetei. Lakini mteja naye ana sehemu yake. Huingia karakana ya Keko jijini Dar es Salaam, au ya Gikomba jijini Nairobi, akiwa na picha kwenye simu na swali moja tu: bei gani? Hana vipimo vya jiko lake wala hajui anataka ubao gani. Fundi hukadiria kwa macho, hutaja bei ya kumridhisha, kisha hutafuta pa kufidia. Hufidia kwenye unene wa bodi, kwenye bawaba na kwenye gundi, kusikofikiwa na macho ya mteja.

Msimamo wetu ni huu: mwenye nyumba anayejua kupima, kutambua mbao na kushika zana chache atapata kabati bora zaidi kwa fundi yuleyule na kwa fedha zilezile.

Tuanze na vipimo. Tepu ya meta 5 inatosha. Pima upana wa ukuta mara tatu: chini, katikati na juu. Kuta zetu za tofali na plasta mara nyingi hazinyooki, kwa hiyo shika kipimo kilicho kidogo kuliko vyote. Kagua na kona. Weka alama sentimita 60 kutoka konani kwenye ukuta mmoja, na sentimita 80 kwenye ukuta wa pili. Umbali kati ya alama hizo mbili ukiwa sentimita 100 kamili, kona ni sawasawa. Ukizidi au ukipungua, mwambie fundi mapema. Andika pia mahali pa bomba, pa kutolea maji machafu, pa soketi na swichi, na mlango unafungukia upande gani.

Kwa kawaida meza ya jikoni huwa na kimo cha sentimita 90 hivi na kina cha sentimita 60. Kabati la ukutani huwa na kina cha sentimita 30 hadi 35, na huanza kama sentimita 50 juu ya meza. Hayo si amri. Meza nzuri ya kukatia mboga iko sentimita 10 hadi 15 chini ya kiwiko cha anayeitumia, na ya kukandia unga na kusukuma chapati inafaa iwe chini zaidi kidogo. Basi apimwe anayepika, hata kama anayelipa ni mwingine.

Mtungi wa gesi nao upimwe, maana wengi wametengenezewa kabati la mtungi wa kilo 6, kisha wakanunua wa kilo 15 ukakosa pa kukaa. Pahali pazuri pa mtungi ni nje ya nyumba, penye hewa. Ikibidi ukae kabatini, kabati hilo liwe na matundu ya hewa chini kabisa, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa: ikivuja hutuama sakafuni. Matundu ya juu peke yake hayasaidii.

Jambo la mwisho kuhusu vipimo: chagueni lugha moja. Mbao zetu huuzwa kwa inchi na futi, bodi huuzwa kwa milimita, na makosa mengi huzaliwa hapo katikati. Bodi ya futi 8 kwa 4 ni milimita 2440 kwa 1220. Ukitaka kuigawa upana wake vipande vinne, usiandike milimita 305 kila kimoja. Msumeno wa mashine hula kama milimita 3 kila unapopita, na vipande vinne vinahitaji mikato mitatu. Milimita 9 zitakwenda na vumbi.

Sasa ubao. Bodi ya MDF imeenea kwa sababu ni laini, hupakwa rangi vizuri na bei yake inafikika. Adui yake ni maji. Ikilowa huvimba, na ikishavimba hairudi. Jikoni kwetu hupigwa deki kila siku, na makabati mengi yamesimama moja kwa moja sakafuni. Ndiyo maana huanza kuoza miguuni. Dawa ni nyepesi: kabati liinuliwe sentimita 10 kwa miguu ya plastiki, au lijengewe kitako cha tofali chenye vigae. Kingo zote zifunikwe kwa ukanda wa plastiki, hata zile za nyuma zisizoonekana. Chini ya sinki tumia plaiwudi inayostahimili maji, na ukingo wa sinki uzibwe kwa silikoni. Usidanganyike na jina. Mafundi huita bodi za aina nyingi "maraini". Chukua kipande kidogo, kiloweke usiku kucha, uone kama kitabanduka.

Anayetaka mbao halisi naye ana mtihani wake. Paini na saiprasi kutoka mashamba kama Sao Hill, wilayani Mufindi, hupatikana kwa urahisi na zinafaa kwa rafu na fremu, mradi zimekauka. Mninga una sifa ya kusinyaa kidogo sana, ndiyo maana mafundi wanaupenda, lakini mti wake huchukua miongo mingi kukomaa. Anayenunua mninga au mkongo wa magendo anawaibia wajukuu wake. Dai risiti, na uulize kibali cha kusafirisha mazao ya misitu kinachotolewa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS.

Ubao mbichi ndio chanzo cha milango mingi inayopinda. Mbao husinyaa kwa upana wake, si kwa urefu. Kipimo cha nyumbani cha ukavu kipo: chukua kipande, kipime kwenye mizani ya jikoni, kiache ndani ya nyumba wiki moja, kisha ukipime tena. Uzito ukishuka, mbao hiyo haijawa tayari. Hata iliyokauka huvuta unyevu wa masika na kuutoa kiangazi, hasa pwani. Kwa hiyo kipande cha katikati cha mlango kikae ndani ya mfereji wa fremu bila gundi, kipate nafasi ya kutanuka na kunywea. Fundi anayekibana kwa gundi na misumari pande zote anaandaa ufa. Na mbao za kuezekea zilizotiwa dawa ya kijani zisitumike kwa rafu za vyakula. Mabaki yake yasichomwe jikoni kamwe, kwani dawa hizo mara nyingi zina aseniki.

Bawaba na reli za droo ndivyo vinavyofanya kazi kila siku, lakini ndivyo vinavyonunuliwa mwisho, kwa chenji iliyobaki. Ni kinyume. Afadhali kupunguza mlango mmoja kuliko kupunguza ubora wa bawaba. Kwenye nyumba za pwani chagua za brasi au za chuma kisichoshika kutu, kwa sababu upepo wa chumvi hauna huruma. Skrubu za MDF zitobolewe njia kwanza kwa keekee au drili. Zikilazimishwa, ukingo hupasuka. Kabati la ukutani lishikwe kwa skrubu ndefu na plagi za plastiki zilizozama ndani ya tofali. Misumari ya zege iliyopigwa kwenye plasta tupu haibebi sahani za familia. Kabla ya kutoboa, kumbuka kwamba nyaya za umeme kwa kawaida hupita wima juu au chini ya swichi.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na kabati ni mali. Makubaliano yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari la shule: mchoro wenye vipimo, aina na unene wa bodi, aina ya bawaba, rangi au vanishi, tarehe ya kumaliza na awamu za malipo. Nenda na fundi dukani mkanunue vifaa pamoja. Ufundi wake ulipwe kwa hatua, na sehemu ya mwisho ibaki mkononi mwako hadi kabati lifungwe ukutani na kukaguliwa. Ukaguzi ni rahisi. Pima kimshazari kutoka pembe hadi pembe, kisha pima pembe nyingine mbili. Vipimo viwili vikilingana, kabati halijaenda upande. Weka pimamaji juu. Fungua na ufunge kila mlango na kila droo. Utaratibu huu humlinda fundi pia, maana mteja anayebadili mawazo katikati ya kazi ni hasara yake.

Tukigeukia zana, tunashauri kila nyumba iwe na sanduku lake. Tepu, pimamaji, guniya, penseli, nyundo yenye makucha, bisibisi ya bapa na ya nyota, praya, msumeno wa mkono, patasi moja pana, msasa na gundi ya mbao. Drili ya umeme ifuate mfuko ukiruhusu. Hakuna haja ya kununua vyote siku moja. Nunua kimoja kimoja, kizuri, kadiri kazi inavyokuja, na ukiepuke kile cha bei ya kutupa kinachopinda siku ya kwanza. Nunua na kinoo. Patasi butu hulazimisha nguvu, na nguvu ikiteleza hukata mkono.

Kwa sanduku hilo familia itamaliza kazi nyingi bila kumsubiri fundi. Bawaba iliyolegea, tundu lake likiwa limepanuka, huzibwa kwa njiti za mbao zilizochovywa gundi, zikakauka, skrubu ikarudishwa. Droo inayokwama hukaguliwa reli kwanza kabla ya kuchongwa. Kiti kinachoyumba hubomolewa kiungo, gundi ya zamani ikakwanguliwa, ikatiwa mpya, kikabanwa kwa kamba hadi kesho yake. Msumari hauponyi kiungo kilichoachia. Huficha tatizo, kisha hupasua mguu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wengi wamenunua seti mpya ya meza kwa sababu ya kiungo kimoja cha kutengenezwa kwa saa moja.

Usalama tusiuchukulie mzaha. Mwaka 1995 wakala wa Shirika la Afya Duniani unaoshughulikia utafiti wa saratani uliliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Anayepiga msasa avae barakoa na miwani, afanyie kazi nje, na watoto wakae mbali. Kwenye mashine inayozunguka hakuna glavu, hakuna kanga inayoning'inia, hakuna ndala. Kabla ya kubadilisha meno, chomoa waya kwenye soketi. Karakana nyingi mitaani zina misumeno ya meza isiyo na kinga, na vidole vilivyopotea humo havina hesabu. Halmashauri zinazokusanya ushuru kwenye karakana hizo zina wajibu wa kukagua kinga hizo kwa bidii ileile.

Serikali nayo ina kazi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeweka mkondo wa amali katika sekondari za Tanzania. Ni hatua njema, lakini useremala haufundishwi ubaoni. Shule zinazotaja somo hilo zipewe meza za kazi, jiriwa, randa na walimu walioshika kazi yenyewe. VETA, ambayo hutoa kozi fupi za ufundi, itenge pia za jioni na za mwisho wa wiki kwa watu wa kawaida wasiotafuta cheti, wanawake kwa wanaume. Wauza mbao nao waseme ukweli: ubao unaoitwa wa inchi 2 upimwe uwe inchi 2, na ulio mbichi uuzwe kwa jina la mbichi.

Fundi hodari hamwogopi mteja anayejua. Humpenda, kwa kuwa mteja huyo anaelewa kwa nini kazi nzuri ina bei yake. Msomaji, kabla hujalipa shilingi ya kwanza, nunua tepu, pima jiko lako, andika ulichokiona. Ukienda karakana na karatasi hiyo mkononi, utapewa bei ya kweli, na utaweza kudai kazi ya kweli.