Jukwaa Lililomlea Johari

Limeota mizizi miongoni mwetu, watu wa vyuo, neno lisilo na ukweli: ya kwamba waigizaji wa kike waliopata sifa katika filamu za Kariakoo hawakupita shule yoyote, bali waliokotwa njiani kwa ajili ya uso mzuri. Nalipinga. Wako waliookotwa, nao si wachache. Lakini kuwahukumu wote kwa hao ni dhuluma.

Mtazame Blandina Chagula, ajulikanaye kwa jina la Johari. Kabla ya filamu alikuwa katika kundi la Kaole, ambalo michezo yake ilionyeshwa na televisheni ya ITV, iliyoanza matangazo mwaka 1994. Katika makundi ya namna ile mwigizaji aghalabu hakupewa maneno ya kukariri. Alipewa kisa, akaambiwa yeye ni nani na ataka nini, kisha akayatafuta maneno mwenyewe mbele ya wenzake, akakosolewa, akarudia. Asiyejua kumsikiliza mwenziwe aliumbuka. Hayo ni mafunzo ya jukwaa, ijapokuwa hayana cheti. Katika kundi hilo hilo walitoka Steven Kanumba na Vincent Kigosi, aitwaye Ray. Na pamoja na Ray, Johari aliunda kampuni ya filamu ya RJ. Mwanamke ametoka mazoezini akawa mwenye mali katika sinema, nasi hatujaona kuwa jambo hilo lastahili wino wetu!

Kosa la Kariakoo ni jingine. Katika miaka ya 2000 wafanyabiashara wa mitaa ile ndio waliozisambaza filamu, na mara nyingi walinunua haki yote kwa malipo ya mara moja. Diski hata ikivuka mipaka, mwigizaji hakuongezewa senti. Kisa kimoja kilikatwa sehemu mbili, kila moja kwa bei yake. Basi ili zote mbili zijae, mwigizaji alilizwa, akatembezwa, akalizwa tena. (Nyingine zilinishinda kabla ya sehemu ya pili.) Aliyekwisha kuwekwa mbele ya kava hakuona tena haja ya kundi. Makundi yakapoteza nyota zao, na binti aliyefuata hakukuta mahali pa kukosolewa. Soko lilikula mbegu.

Lakini sisi wa Mlimani tulifanya nini? Amandina Lihamba, mwalimu wa sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alipata udaktari wake Leeds mwaka 1985, na mwaka uo huo ikatoka filamu ya Arusi ya Mariamu, naye yumo. Katika Maangamizi, ya mwaka 2001, yeye ni Samehe, mgonjwa aliyenyamaza kwa miaka mingi. Ajaribuye kuigiza bila ya ulimi atajua kazi ya shingo, vidole na pumzi, na kazi hiyo hufundishwa jukwaani. Elimu hiyo tulikuwa nayo, kilomita zisizofika 20 kutoka Kariakoo, tukaitungia mitihani.

Ukumbi wa Arnautoglo upo Mnazi Mmoja, mwendo mfupi wa miguu toka sokoni. Idara zetu na zimpeleke mhadhiri pale jioni mbili kwa juma, awafundishe vijana wa makundi sauti na mwili bila ya kuwauliza vyeti. Naye awasikilize jinsi watungavyo maneno papo kwa papo, kwa kuwa hilo wahitimu wetu wengi hawaliwezi.